Pumzi Inayoadhibu na Pumzi Inayohuisha: Uhakiki wa Dhana za Mateso, Utii na Upya katika Mahubiri ya Kikristo Kyela na Ufukwe wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna dhana tatu za Biblia, yaani mateso, utii na upya, zinavyounganishwa katika mahubiri ya Kikristo miongoni mwa Wanyakyusa wa Kyela na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hoja kuu ni kwamba mahubiri yanayofanya utii kuwa dawa ya mateso hurudisha, kwa msamiati wa Kikristo, fasili ya kale iliyomtaka mgonjwa na mfiwa aeleze alichokosa. Makala yanaonesha kwamba Biblia yenyewe, hasa kitabu cha Ayubu na Injili ya Yohana, inaipinga fasili hiyo, na kwamba lugha ya Kinyakyusa inampa mhubiri nyenzo bora ya kuupinga ulaumu huo kuliko inavyodhaniwa. Kigezo kinachopendekezwa ni cha kisarufi: katika mahubiri yoyote kuhusu mateso, mhakiki aangalie ni nafsi ipi inayoungama.

1.0 Utangulizi

Mahubiri kuhusu mateso hayaanzi mimbarini. Huanza katika swali ambalo msikilizaji amekuja nalo kutoka nyumbani: kwa nini mtoto huyu, kwa nini shamba hili, kwa nini mwaka huu. Katika uwanda wa Kyela swali hilo lina sura zake mahususi. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka nyanda za juu na kumwaga maji yake ziwani, na masika yakizidi maji huingia mashambani na majumbani. Mpunga na kakao hustawi kwa sababu ya maji hayohayo yanayoharibu. Ziwa humlisha mvuvi na wakati mwingine halimrudishi. Mhubiri anayesimama mbele ya watu wa namna hii hana budi kujibu, hata kama andiko la siku hiyo halikumtaka ajibu.

Jibu lililozoeleka katika mahubiri ya Kikristo ya Afrika Mashariki hupita katika hatua tatu. Kwanza, mateso hutajwa kuwa jaribu au adhabu. Pili, msikilizaji huitwa kutii. Tatu, huahidiwa kufanywa upya. Mfuatano huu una nguvu ya kibalagha kwa kuwa unaanza na maumivu na kuishia na tumaini, na kila msikilizaji anaweza kuufuata. Hata hivyo, mfuatano huo unabeba dhana isiyosemwa wazi: kwamba utii ndio unaotenganisha mateso na upya, na kwa hiyo anayeendelea kuteseka bado hajatii. Hapo ndipo penye tatizo linalochunguzwa na makala haya. Si tatizo la mtindo pekee. Mama aliyefiwa na mtoto, akisikia mfuatano huo kwa utulivu hadi mwisho, ataondoka ibadani akiwa na msiba na hatia kwa pamoja.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Mahubiri ni utanzu unaostahili kuhakikiwa kama kazi nyingine za fasihi simulizi. Katika uainishaji wake wa mwaka 1989, M. M. Mulokozi aliuweka utanzu wa mazungumzo kuwa mojawapo ya tanzu za fasihi simulizi, na hotuba zimo ndani yake. Mahubiri yana sifa za hotuba: yana fanani, hadhira, muktadha na lengo la kushawishi. Yanatofautiana na hotuba nyingine kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba yameegemea matini iliyoandikwa ambayo hadhira inaiheshimu kuliko inavyomheshimu fanani mwenyewe. Kwa sababu hiyo, mhakiki ana haki ya kuuliza kama mahubiri yameitendea haki matini hiyo.

Makala yanaongozwa na nadharia ya hemenitiki, hususani mawazo ya Paul Ricoeur katika kazi yake ya mwaka 1960 kuhusu ishara za uovu. Ricoeur alitofautisha lugha tatu ambazo binadamu huzitumia kuungama uovu: lugha ya unajisi, ambamo uovu ni doa linaloambukiza kutoka nje, lugha ya dhambi, ambamo uovu ni kuvunjika kwa uhusiano mbele ya Mungu, na lugha ya hatia, ambamo mtu anajihukumu ndani ya nafsi yake. Utofautishaji huu unafaa kwa sababu mahubiri ya Kyela yanasemwa mahali ambapo lugha zote tatu zinafahamika na mara nyingi zinachanganyika katika sentensi moja.

Makala hayahakiki hotuba ya mhubiri fulani. Yanahakiki njia za hoja ambazo maandiko, lugha na historia ya mahali zinampa mhubiri. Matini za msingi ni vitabu vya Biblia kama vinavyosomwa katika tafsiri ya Kiswahili ya Union Version iliyokamilika mwaka 1952, zikisaidiwa na maandishi ya kiethnografia ya Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938.

3.0 Mahubiri na Fasili Iliyotangulia

Ukristo ulifika kwa Wanyakyusa mwaka 1891 kwa njia mbili. Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer walianza Rungwe, na Misheni ya Berlin ikiongozwa na Alexander Merensky ilianza upande wa mashariki. Kazi ya kwanza ilipeleka vituo hadi uwandani, kikiwemo Ipyana, na ya pili ilifika ufukweni Ikombe. Jina la Ipyana lenyewe ni somo la theolojia, kwani katika Kinyakyusa neno hilo ndilo lililotumiwa na Wakristo kumaanisha neema. Mapokeo yote mawili yalileta mahubiri yaliyoegemea mateso. Walutheri walirithi theolojia ya msalaba ambayo Martin Luther aliitetea Heidelberg mwaka 1518, na Wamoravian walirithi kutoka Herrnhut ibada iliyomweka katikati Mwanakondoo aliyechinjwa. Kwa hiyo haikuwa kwamba wahubiri walikosa lugha ya mateso. Walifika nayo tele.

Walikuta lugha nyingine imekwisha kuwapo. Wilson anaeleza kwamba Wanyakyusa walifasili maradhi na misiba kwa kuuliza ni nani aliyekasirika. Hasira ya baba au ya wazee wa ukoo iliweza kumfanya kijana awe tasa au maskini. Hasira ya majirani iliweza kumshusha mtu kitandani, na nguvu hiyo iliitwa embepo sya bandu, yaani pumzi ya watu. Majirani walipomnung'unikia mkosaji, pumzi yao ilimwangukia kama baridi, naye akaugua. Walioaminiwa kuwa na nguvu ya kukilinda kijiji usiku waliitwa abamanga, na kazi yao ilihesabiwa kuwa halali. Wachawi walitumia nguvu ya aina hiyohiyo kwa choyo. Tofauti ya mlinzi na mchawi haikuwa katika nguvu, ilikuwa katika sababu ya kuitumia.

Mfumo huu haupaswi kudharauliwa. Ulikuwa na maadili ndani yake. Ulimzuia mwenye nguvu asiwanyanyase jirani zake, kwa kuwa aliogopa manung'uniko yao. Ulidai pia kwamba hasira isifichwe. Katika matambiko ya ukoo, mwenye kinyongo alitakiwa akiseme, na mkubwa wa ukoo alipuliza maji kutoka kinywani kuwa alama kwamba hasira imetoka na baraka imerudi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, nao ni mkubwa: haukuacha nafasi ya mateso yasiyo na sababu ya kimaadili. Kila aliyeugua alikuwa na jambo la kujibu, au jirani yake alikuwa nalo.

Jina la Mungu pia lilikuwa na historia. Wamisionari walilichukua neno Kyala. Kwa watu wa ufukweni, jina hilo lilihusishwa na shujaa aliyetolewa sadaka katika pango karibu na Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, kama vile Lwembe alivyotolewa sadaka Lubaga. Kumhubiri Kyala kuwa Muumba wa mbingu na nchi kulimaanisha kumtoa pangoni. Swali la kihakiki ni hili: je, alipotolewa pangoni, aliacha huko pia kazi ya kutafuta wenye makosa, au alipewa kazi hiyo kwa upana zaidi?

4.0 Mateso: Nomino Inayodai Mtendaji

Uchambuzi wa lugha unasaidia kulijibu swali hilo. Katika Kiswahili, nomino mateso imeundwa kutokana na kitenzi tesa, ambacho ni elekezi. Kuna anayetesa na anayeteswa. Taabu na dhiki, maneno yenye asili ya Kiarabu, hayadai mtendaji: mtu anaweza kuwa katika dhiki pasipo kuwapo aliyemtia humo. Majaribu, kama mateso, yanadai mtendaji, kwani hakuna jaribio bila anayejaribu. Mhubiri anapochagua mateso au majaribu badala ya taabu au dhiki, sarufi yenyewe inamfanya msikilizaji atafute mtendaji kabla mhubiri hajamtaja. Msikilizaji aliyelelewa katika fasili ya pumzi ya watu hana haja ya kusaidiwa kutafuta. Anayo majina tayari.

Biblia inaifahamu hali hii na inaijibu mara mbili kwa uwazi. Jibu la kwanza ni kitabu cha Ayubu. Marafiki watatu wanafika, wanakaa kimya siku saba, kisha wanaanza kusema. Hoja yao, kwa namna mbalimbali, ni moja: Mungu hamwadhibu asiye na kosa, basi Ayubu atafute kosa lake, atii, naye atarejeshwa. Huo ndio mfuatano wa mateso, utii na upya katika ukamilifu wake, na umewekwa katika vinywa vya watu ambao Mungu anawakemea katika sura ya 42. Msimulizi hawafanyi marafiki kuwa wajinga. Wanasema mambo ambayo sehemu nyingine za Maandiko zinayasema pia. Kosa lao ni kuyasema kwa mtu huyu, wakati huu, wakiwa nje ya maumivu yake.

Mahubiri mengi kuhusu Ayubu hayaelekei huko. Huanzia katika Waraka wa Yakobo 5:11, unaomtaja Ayubu kwa sababu ya uvumilivu wake, kisha hurudi katika sura mbili za kwanza na kuruka hadi ya mwisho. Sura za katikati, ambamo Ayubu analalamika, anailaani siku aliyozaliwa na kumtaka Mungu aje katika kesi, hubaki bila kuhubiriwa. Matokeo yake ni Ayubu mnyamavu. Kwa jamii ambayo ilijua kwamba kinyongo kisiposemwa huua, huu ni upotevu wa pande mbili: matini imepunguzwa, na hekima ya mahali imepuuzwa. Ayubu anayesema hasira yake mbele za Mungu angeeleweka Kyela pasipo maelezo mengi.

Jibu la pili limo katika Yohana 9. Wanafunzi wanamwona kipofu tangu kuzaliwa na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali hilo lingeweza kuulizwa neno kwa neno na mzee yeyote wa ukoo aliyeamini laana ya wazazi. Yesu anayakataa machaguo yote mawili na kulihamisha swali kutoka chanzo kwenda kazi inayopaswa kufanywa. Hali ni hiyo pia katika Luka 13, anapopashwa habari za waliouawa na anapoutaja mnara wa Siloamu: hakubali kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Anawaita walio hai watubu, lakini hawaruhusu kuitumia maiti ya jirani kuwa ushahidi.

5.0 Utii: Kusikia au Kunyamaza

Dhana ya pili, utii, inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu kila mamlaka hujaribu kuimiliki. Msemo wa Waswahili kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu unaunganisha utii, umri na adhabu katika pumzi moja. Msikilizaji anayeubeba msemo huo hadi kanisani atamsikia mchungaji kuwa mkuu mwingine, na kuvunjika guu kuwa matokeo ya kutomsikia. Lakini msemo huo pia unadokeza jambo lenye faida: kutii ni kusikia. Kiebrania na Kigiriki vya Maandiko vinakubaliana na Kiswahili katika hilo, kwa kuwa maneno ya utii katika lugha hizo yana uhusiano na kitenzi cha kusikia. Mtii ni msikivu kabla ya kuwa mtekelezaji.

Andiko linalotumiwa kuunganisha utii na mateso ni Waebrania 5:8, linalosema kuhusu Mwana kujifunza utii kwa mateso aliyoyapata. Likisomwa kwa haraka, huonekana kuthibitisha kwamba mateso ni shule ya utii, na kwamba anayeteseka ana somo ambalo hajalihitimu. Likisomwa pamoja na aya inayolitangulia, sura inabadilika. Aya ya 7 inamwonesha Mwana akilia na kutoa machozi, akimwomba awezaye kumwokoa. Utii huo una sauti. Si unyamavu wa aliyekatazwa kusema. Zaidi ya hayo, anayeteseka katika andiko hilo ni yule asiye na kosa, kwa hiyo andiko haliwezi kutumiwa kupima kosa la anayeteseka. Waliojenga mahubiri juu ya aya ya 8 na kuiacha aya ya 7 wamejenga nyumba juu ya nusu ya msingi.

Historia ya eneo hili inaonesha kwamba waumini wenyewe walikwisha kuuliza utii huu ni kwa nani. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930, makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika, kama vile African National Church na Last Church of God and His Christ, yalivuka mpaka wa Nyasaland na kupata wafuasi upande wa Tanganyika. Yaliwapokea watu wenye wake wengi ambao makanisa ya misheni yaliwaweka nje ya ushirika. Si lazima mhakiki akubaliane na msimamo wao ili aone uzito wa hoja: walitenganisha utii kwa Maandiko na utii kwa kanuni za misheni, na wakadai kwamba Ibrahimu na Yakobo wahesabiwe katika mjadala. Mhubiri wa leo anayelitumia neno utii bila kusema ni utii kwa nani, anaacha wazi mlango ambao wasikilizaji wa Kyela waliujua karibu karne moja iliyopita.

Suala hili linawagusa wanawake kwa namna ya pekee. Mfuatano wa mateso, utii na upya unapohubiriwa kwa mke anayepigwa, utii hugeuka jina jipya la kurudi nyumbani na kuvumilia. Waraka wa Kwanza wa Petro, unaotumiwa mara nyingi katika hali hiyo, uliandikwa kwa waumini walioteswa na watu wa nje kwa sababu ya imani yao, na katika sura ya 3 unawaagiza waume waishi na wake zao kwa akili na heshima, wasije wakazuiwa maombi yao. Tishio katika aya hiyo linamwelekea mume. Mahubiri yanayoligeuza limwelekee mke yamebadilisha mlengwa wa matini.

6.0 Upya: Moto Mpya na Makaburi Alfajiri

Upya haukuwa wazo geni kwa Wanyakyusa. Jamii yao iliishi katika vijiji vya rika, ambamo vijana walijenga pamoja na kuishi pamoja, wakithamini ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzao. Mara moja katika kila kizazi lilifanyika tambiko la ubusoka, ambalo kwalo wazee waliikabidhi nchi kwa wana wao. Mioto ya zamani ilizimwa na moto mpya ukawashwa. Katika nyakati nyingine za taabu ya nchi nzima, majivu ya mekoni yalitolewa na kutupwa ili nchi isafishwe. Upya huo ulikuwa wa kijamii, wa mzunguko, na uligharimu, kwani wazee walilazimika kuachia madaraka.

Mahubiri ya Kikristo kuhusu upya, yakilinganishwa na hayo, mara nyingi yamekuwa madogo. Yamemhusu mtu mmojammoja na tabia yake: aache pombe, aache wivu, awe mtu mpya kama Wakolosai 3 inavyoeleza. Hayo ni ya kweli, lakini Isaya 43 na Ufunuo 21 zinazungumzia taifa, mji na nchi. Tambiko la ubusoka lingeweza kumfundisha mhubiri jambo ambalo Warumi 12 pia inalisema, kwamba kugeuzwa upya hakuanzi kwa walio chini pekee. Katika ubusoka, aliyetakiwa kuachia ni mwenye nchi. Mahubiri yanayowadai upya vijana na maskini peke yao, yakiwaacha wenye mamlaka katika moto wao wa zamani, yako nyuma ya tambiko lililoachwa.

Desturi moja ya Kimoravian inaufikia upana huo. Alfajiri ya Pasaka waumini hukusanyika makaburini na kukiri ufufuo mahali walipolala wafu wao. Desturi hiyo ilianza Herrnhut mwaka 1732. Ilipofika kwa Wanyakyusa ilipata maana ambayo waanzilishi wake hawakuikusudia, kwa sababu wahenga waliofariki waliitwa abasyuka, na kitenzi cha jamii hiyohiyo ya maneno ndicho Wakristo walichokitumia kwa kufufuka. Zamani, wafu walikuwa upande wa wenye kuhoji: walikasirika, nao walio hai wakaugua. Alfajiri ya Pasaka wafu wamo upande wa wenye kungoja. Hawaadhibu, wanangojea pamoja na walio hai. Hakuna hoja ya mimbarini inayoibatilisha fasili ya kale kwa ukamilifu kama ibada hiyo, nayo hufanya hivyo pasipo kuwatukana wahenga.

Mafuriko yanatoa mfano wa pili. Mhubiri wa uwandani ana maandiko mawili ya maji mbele yake. Mwanzo 6 hadi 9 inasimulia gharika iliyotokana na uovu wa watu. Isaya 43:2 inaahidi kwamba Mungu atakuwa pamoja na watu wake wapitapo katika maji. Andiko la kwanza linaishia katika agano ambalo Mungu analifunga kutoiangamiza tena nchi kwa gharika. Kwa hiyo mhubiri anayeyaita mafuriko ya mto Mbaka kuwa adhabu kama ya siku za Nuhu, hajamaliza kusoma hadithi anayoitegemea. Andiko la pili halimwelezi aliyepoteza mpunga wake kwa nini maji yalikuja. Linamwambia hakupita peke yake, na linawadai majirani waifanye kauli hiyo kuwa kweli.

7.0 Nafsi ya Uungamo

Pingamizi lenye nguvu linaweza kutolewa dhidi ya hoja iliyotangulia. Maandiko yenyewe yanaunganisha dhambi na mateso. Kumbukumbu la Torati 28 linaorodhesha baraka za utii na laana za uasi. Katika Yohana 5:14 Yesu anamwonya aliyeponywa asitende dhambi tena, asije akapatwa na jambo baya zaidi. Paulo katika 1 Wakorintho 11:30 anayahusisha magonjwa ya kanisa na namna walivyoila meza ya Bwana. Je, mhubiri anayesema kwamba mateso yametokana na kutotii hafuati Biblia?

Pingamizi hilo halijibiwi kwa kuyakana maandiko hayo. Linajibiwa kwa kuangalia ni nani anayesema na nani. Zaburi ya 51 inaungama kwa nafsi ya kwanza umoja. Danieli 9 inaungama kwa nafsi ya kwanza wingi: nabii anajihesabu pamoja na wakosaji. Katika Wakorintho, Paulo analiambia kanisa zima, na kosa analolitaja ni la wenye chakula kuwaaibisha wasio nacho; hamnyooshei mgonjwa kidole. Katika Yohana 5 onyo linatolewa baada ya uponyaji, wala halikuwa sharti lake. Marafiki wa Ayubu, kwa upande mwingine, wanaungama kwa niaba ya mtu mwingine, katika nafsi ya pili. Wanasema umekosa. Na majirani katika mfumo wa pumzi ya watu walisema amekosa, kwa nafsi ya tatu, usiku, asipokuwapo.

Hapo kigezo cha uhakiki kinapatikana. Mahubiri yanayounganisha mateso na dhambi yanabaki ndani ya Maandiko yanapoungama kwa nafsi ya kwanza, hasa wingi. Yanatoka nje ya Maandiko yanapoungama kwa nafsi ya pili au ya tatu kwa ajili ya aliyelala kitandani. Kwa lugha ya Ricoeur, hatia anayojitwika mtu mwenyewe inaweza kumwelekeza kwenye toba. Hatia anayotwikwa na wengine hurudi kuwa unajisi, yaani doa ambalo watu humwepuka aliye nalo.

Lugha ya Kinyakyusa inakitia nguvu kigezo hiki. Roho Mtakatifu katika lugha hiyo huitwa Mbepo Mwikemo, na shina la neno hilo ndilo la pumzi iliyowaangukia wakosaji. Kiswahili, kinachotumia neno roho, kinaupoteza uhusiano huo. Anayehubiri kwa Kinyakyusa anaposoma Ezekieli 37, ambamo pumzi inakuja kutoka pande nne na kuingia katika mifupa mikavu, ana pumzi mbili mbele ya wasikilizaji wake: ile iliyowafanya watu wagonjwe na hii inayowafanya wasimame. Anapofika Yohana 20:22, Yesu anawavuvia wanafunzi, na aya inayofuata inazungumzia kusamehe dhambi. Mkubwa wa ukoo aliyepuliza maji kuwa alama ya kwamba hasira imekwisha, angeielewa aya hiyo haraka kuliko msomaji wa Ulaya. Pumzi ya kanisa, kwa mujibu wa andiko hilo, imepewa kazi ya kuondoa hasira. Kanisa linalolinung'unikia bega la mgonjwa limeirudia pumzi ya kwanza.

Ikumbukwe pia kwamba katika mwisho wa kitabu chake Ayubu anawaombea marafiki waliomshtaki, na kurejeshwa kwake kunasimuliwa baada ya sala hiyo. Aliyeteswa ndiye anayefanywa kuwa mwombezi. Kama kuna utii katika sura hiyo, ni utii wa marafiki waliotakiwa kwenda kwa mgonjwa waliyemhukumu na kumwomba awaombee.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mfuatano wa mateso, utii na upya, kama unavyohubiriwa kwa mazoea, una udhaifu katika kiungo chake cha kati. Utii ukifanywa bei ya kutoka katika mateso, kila anayeendelea kuteseka huwa mdaiwa. Udhaifu huo haukuletwa na utamaduni wa Kinyakyusa peke yake wala na misheni peke yake. Umetokana na kukutana kwa fasili mbili ambazo kila moja ilikuwa na hamu ya kupata sababu. Biblia inayosomwa na pande zote imeihifadhi hoja ya marafiki wa Ayubu ili isikike, ieleweke na kukemewa.

Kwa watafiti, matokeo haya yana madai mawili ya kimbinu. Mahubiri ya eneo hili yasikusanywe katika Kiswahili pekee, kwa kuwa hoja muhimu kuliko zote, ile ya pumzi, haionekani katika tafsiri. Na katika kuyachanganua, uchunguzi wa viwakilishi vya nafsi upewe uzito sawa na uchunguzi wa maudhui, kwani mada ileile na andiko lilelile huweza kufariji au kuhukumu kwa kubadilisha nafsi tu. Kwa wanaoandaa wahubiri, somo ni fupi zaidi. Kabla ya kumwambia mfiwa jambo lolote kuhusu utii, mhubiri akumbuke kwamba siku saba za kwanza, kabla hawajafungua vinywa, marafiki wa Ayubu walifanya vizuri.